Taa Niliyoomba Izimwe

Siandiki majina. Wenyewe wanajijua. Na hapa kwetu ukisema tu "yule fundi wa kofia ya sufu ya kijani, gereji ya nyuma ya soko, Kutus," watu washamjua, hata mkewe anamjua. Nilisoma mpaka darasa la sita, kwa hivyo asiye na subira na Kiswahili cha mwuza mchele aache hapa hapa.

Miaka miwili niliishi nikijua kwamba mimi ndiye niliyevunja mguu wa dada yangu. Nilijua vile mtu anajua upande wa jikoni kwake. Nilikuwa nimelala kwenye usukani, basi. Kila mtu alisema hivyo na mimi mwenyewe nikasema hivyo, kanisani, mbele ya watu, nikiomba msamaha.

Dada yangu ni mkubwa wangu, kifungua mimba wa mama yetu, ameolewa Kianyaga kwenye majani chai. Mimi nanunua mchele Wang'uru na kuuza Nyeri mjini. Gari yangu ni ile ndogo nyeupe ya mgongo mrefu, ilitoka Japani ikiwa tayari imechoka, kama wengi wetu. Siku ile nilitoka Wang'uru na magunia nyuma, nikampata dada Kutus akitoka sokoni, nikamwambia panda nikufikishe nyumbani. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Malori ya majani chai yalikuwa yamepita na kuacha tope jekundu juu ya lami. Tulipofika ule mteremko wa kwenda darajani, hapo kumbukumbu yangu inakatika kama kamba.

Kilichobaki ni vipande. Ukuta wa kalvati kando ya daraja. Magunia yalipasuka, na mchele ukatujaa mpaka ndani ya nguo. Dada alikuwa anamwita mama yetu, na mama yetu tulikuwa tumeshamzika.

Hospitalini walinishona kipaji cha uso. Dada walimtia vyuma kwenye paja. Watu wa nyumbani walipokuja kutuona, dada aliinua kichwa kutoka kwa mto akasema, "Alilala. Nilimwona. Macho yalikuwa yamefungwa."

Ningebisha na nini? Nilikuwa nimeamka kabla ya jogoo ili kuwahi mchele. Mtu aliyeamka saa hiyo anaweza kulala akiwa amesimama. Nikaamini.

Tangu siku hiyo hakuna mtu wa kwetu aliyepanda gari yangu tena. Kwenye mikutano ya akina mama wa kanisa, chai ikigawanywa, kuna mmoja, namjua na anajijua, alikuwa akisema kwa sauti, "Huyo mpeni ya rangi, kali, asije akatulalia." Wote wanacheka. Mimi pia nacheka, nakunywa. Nimekunywa hiyo chai ya rangi miaka miwili na mimi napenda ya maziwa.

Halafu mwaka huu dada akatuma neno. Binti yake ataletewa mahari, na watu wote wa upande wetu wanaalikwa, lakini hiyo gari isionekane katika boma lake. Na maadamu ninayo, yeye hatakanyaga kwangu. Nikasema sawa. Niliirekebisha bodi, nimeendesha kama mtu aliyebeba mayai, basi imetosha. Nitaiuza.

Ndivyo nilivyofika kwa mzee mmoja fundi, wa Nyeri. Si mtu wa huku. Alitoka upande wa magharibi zamani akiwa dereva wa serikali, akastaafu, akabaki, akafungua gereji kwenye mteremko unaoshuka mto Chania. Kiswahili chake kimenyooka, na mikono yake ni safi kuliko ya daktari. Nilimwambia aipitie gari kidogo tu, iliwahi kupata ajali na nataka kuuza.

"Sawa, mama. Kabla sijafungua boneti, ingia ndani. Washa swichi, lakini injini usiipige. Unaona taa?"

"Naona."

"Hesabu tukisikia."

Nikahesabu. Betri, oili, injini, mkanda, hembreki. Yeye alikuwa ameinama dirishani, kidole hewani, kama mwalimu anayeita rejista.

"Na zile mbili?"

"Mbili gani?"

"Mama, taa za gari ni kama watoto wa boma. Ukifungua mlango asubuhi kila mmoja lazima aje akusalimie, halafu ndio aende zake. Asiyesalimia ana neno. Hapa kuna wawili hawajaja. Wa herufi tatu, na yule wa kagari kanakoteleza."

Kale kagari nilikajua. Ni picha ndogo ya gari imeonekana kwa nyuma, na chini ya magurudumu kuna michirizi miwili imejipinda kama nyoka.

"Ilikuwa," nikasema. "Ilikuwa inawaka. Ilitengenezwa Kutus."

"Ilitengenezwa vipi?"

"Ilizima."

Mzee alikwenda kuchukua bisibisi.

Sasa niseme ya Kutus. Miezi michache kabla ya ajali gurudumu la mbele, la upande wa abiria, lilianza kuguna. Nilimpelekea yule wa kofia ya kijani, akasema ni beringi. Akatoa ya zamani, akapiga mpya kwa nyundo, nikiwa nimeketi hapo juu ya tairi. Kuguna kukaisha. Kesho yake asubuhi nikiwasha gari, kale kagari ka nyoka kakawaka rangi ya ndimu iliyoiva, pamoja na zile herufi tatu, na hazikuzima tena. Nikarudi kwake.

"Mum, hiyo ni taa ya uoga tu," aliniambia. "Hizi gari za Japani zinalialia. Gari si inaenda?"

"Inaenda."

"Breki si zinashika?"

"Zinashika, lakini hiyo taa inanitazama. Siwezi kuendesha nikitazamwa. Nizimie hiyo taa."

"Rudi saa kumi."

Saa kumi nikarudi, taa hakuna. Nilifurahi! Wiki iliyofuata nilimpelekea mchele, ile pishori yenyewe ya kunukia, nimeupepeta kwa mikono yangu, nikamwambia Mungu akuzidishie.

Huko Nyeri mzee alitoa kile kisanduku cha mbele chenye saa za mwendo, akakiweka juu ya gunia, akafungua kioo chake cha plastiki polepole. Akaniita nije niangalie. Ndani, juu ya uso mweusi, kulikuwa na kipande cha tepu, ile nyeusi ya mafundi wa stima. Kilikuwa kimekatwa vizuri kwa wembe, pembe nne zimenyooka. Usingekijua kama hukuambiwa. Mtu alikuwa ametulia kukikata.

Mzee akakishika kwa ukucha akakibandua. Akachomeka nyaya tena, akaniambia washa swichi.

Ziliwaka zote mbili, herufi na kagari. Nikapiga injini. Nyingine zikazima, hizo mbili zikabaki.

"Zimekuwa zikiwaka siku zote," mzee akasema. "Alizifunika macho tu."

Nilishika mlango wa gari. Sijui kama nimewahi kushtuka hivyo, na nimeona mengi, mume wangu alikufa mbele yangu akivua viatu. Ilikuwa kama kuambiwa kuna mtu alikuwa chini ya kitanda chako usiku wote wa miaka miwili, ana taa mkononi, anakupungia.

Mzee alileta kimashine chake cha kusoma gari, kama redio ndogo yenye mkia, akachomeka chini ya usukani. Akasoma, akaniambia gurudumu la mbele kushoto haliongei. Nikauliza, gurudumu linaongea?

"Yote manne yanaongea. Kila moja lina kisikio chake, sensa, kinachohesabu linavyozunguka. Lile linaloteleza, kompyuta inalijua kwa sababu hesabu yake inatofautiana na ya wenzake. Hili lako limenyamaza, kwa hivyo kompyuta ilijifunga, ikawasha taa kukwambia: mimi sipo, jiangalie."

Hakukimbilia kununua sensa. Kwanza alifuata waya kwa vidole kutoka gurudumuni hadi ndani, akitafuta ulipokatika au ulipotafunwa na panya. Mzima. Akatoa sensa ya kushoto akaiweka kulia, ya kulia akaileta kushoto, akazungusha magurudumu na kusoma tena. Bado ni kushoto. "Basi sensa haina makosa," akasema, "tunamsingizia mjumbe." Ndipo akafungua gurudumu lenyewe, akatoa beringi kwa mashine ya kukandamiza, akaipangusa.

Akachukua vumbi la chuma kutoka chini ya mashine yake ya kunolea, kidogo kwenye karatasi. Akanyunyizia uso mmoja wa beringi, akaipindua, likamwagika lote. Akanyunyizia uso wa pili, akaipindua. Lilishika. Lilishika kwa mistari mistari, kama nywele zilizosukwa na mtu mwenye mkono mzuri.

"Huu uso una sumaku. Sensa inasoma hii mistari. Huu ndio ulipaswa kuangalia sensa, ndani. Huyu mtu aliupachika ukaangalia nje. Beringi imewekwa kinyume, mama. Inazunguka vizuri, haiguni, lakini sensa inatazama upande wa kipofu."

Kinyume tu. Kama shati lililogeuzwa.

Alituma beringi mpya iletwe, na tukiingoja akaniletea chai. Ilikuwa ya maziwa. Akawa anaendelea kueleza, maana ni mtu anayependa kueleza, na mimi nikipuliza kikombe namsikia nusu nusu. Akasema kisikio kimoja kikinyamaza mambo mawili yanakufa, lile la kuzuia gari isiteleze, na lile la kuzuia magurudumu yasifunge ukikanyaga breki kwa nguvu. Likiwa zima, pedali hutetemeka chini ya mguu, grrr, kama simu mfukoni.

"Siku ile ya ajali yako," akauliza, "ilitetemeka?"

"Aca, hapana," nikasema, "ilikuwa ngumu tu. Kama kukanyaga jiwe. Gari ikaenda kama sabuni."

Na nikapuliza chai tena.

Halafu nikaweka kikombe chini. Kikombe kilianguka upande, chai ikamwagika kwenye viatu vyangu na sikuinua mguu.

"Mama? Nimesema nini?"

"Nilikanyaga."

"Ulikanyaga nini?"

"Breki! Nilikanyaga breki!"

"Ee. Si ndiyo tunayosema?"

"Mzee, mtu aliyelala anakanyaga breki?"

Akanitazama. Hakuwa anajua habari ya usingizi, sikuwa nimemwambia, ni aibu niliyokuwa nayo. Nikamweleza yote. Alivua miwani, akaipangusa kwa shati.

"Mimi sikuwepo, siwezi kuapa," akasema. "Lakini mguu hauwezi kukumbuka kitu ambacho haukukikanyaga."

Mguu wangu ulikuwa unajua. Kichwa kilisahau, mdomo ukakubali kila ulichoambiwa, na mguu ulikaa na ushahidi ndani ya kiatu miaka miwili kwa sababu hakuna aliyeuuliza.

Gari ilipokuwa tayari sikwenda nyumbani. Nilishuka moja kwa moja hadi Kutus, tepu imebandikwa kwenye kiganja, beringi ya zamani kwenye mfuko wa karatasi. Yule wa kofia ya kijani alikuwa pale pale, amezungukwa na wenzake wanne wakila miwa.

"Mum! Umepotea! Umetuletea mchele?"

Nikamwonyesha kiganja. Aliitambua, niliona macho yake yakiitambua. Halafu akacheka.

"Mum, sasa kosa langu ni gani? Ulisema nini siku hiyo? Ulisema nizimie hiyo taa. Nikazima. Ungesema nitengenezee, ningetengeneza."

Wenzake wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Hapo mathe amenyamazishwa!" Mwingine akasema, "Kiswahili ni kigumu, mum, rudi shule!"

Nilisimama kama niliyepigwa maji baridi. Kwa sababu ni kweli. Neno nililolitumia ni hilo. Sisi huku, kitu kikitusumbua tunasema kizimwe. Mtoto akilia usiku, mzime. Jino likiuma, kuna kidonge cha kulizima. Sijawahi kuwaza kwamba jino lililozimwa bado limeoza. Katika hii orodha ya wenye makosa basi na mimi nimo, nimejiandika. Lakini sitakaa mstari mmoja na yeye. Mimi nilisema zima kwa kutojua. Yeye alijua, akatafuta wembe, akanyoosha pembe nne.

Nikamwambia, "Mimi nilitaka gari iwe nzima. Wewe ukaizima. Huoni hata maneno yenyewe yanafanana, na bado moja ni uhai? Dada yangu ana vyuma kwenye paja. Alikuwa ameketi upande wa hilo gurudumu."

Kicheko kilipungua. Aliyeniita mathe aliangalia muwa wake.

"Na ule mchele," nikasema, "nilikuwa nakushukuru kwa tepu?"

Akavuta kofia chini kidogo. "Mchele ulikuwa mtamu, mum," akasema. Hilo tu ndilo nililopata kwake. Sikupata pole. Nimeliandika ili atakapolisoma, au akisomewa, akumbuke ladha yake.

Nilipanda Kianyaga. Gari niliiacha nje ya lango kwa sababu nilikuwa nimekatazwa, nikaingia kwa miguu. Dada alikuwa barazani kwenye kiti chake cha mgongo, fimbo imeegemea ukuta, anachambua maharagwe. Aliona mfuko mkononi mwangu.

"Umeuza?"

"Bado. Nimekuja kukuuliza kitu."

Nikaweka tepu kwenye sinia, juu ya maharagwe, na beringi kando yake. Nikamweleza yote kama nilivyoelezwa. Taa iliyofunikwa, gurudumu lisiloongea, pedali ngumu kama jiwe. Hakunikatiza. Vidole vyake viliendelea kuchambua, halafu nikaona anarudisha maharagwe mabovu kwenye mazuri.

"Nilikanyaga breki, dada. Wewe ulisema macho yangu yalikuwa yamefungwa."

"Yalikuwa yamefungwa."

"Uliyaona?"

"Kwa haya macho yangu. Ulikuwa na damu mpaka hapa, macho yamefungwa, nikajua umekufa."

Yeye mwenyewe hakuwa amesikia alichosema.

"Damu," nikasema. "Damu ilitoka wapi kabla hatujagonga?"

Dada aliangalia lile sinia.

"Hiyo ilikuwa kabla, dada, ama baada?"

"Baada."

"Na kabla?"

Alivuta kitambaa cha kichwa kikashuka karibu na macho. "Nilikuwa nimesinzia," akasema. "Nilikuwa nimetembea soko lote. Gari yako ilikuwa na joto. Niliamshwa na wewe. Ulipiga kelele, 'Ngai!' Halafu ukuta."

Nilikaa chini, sakafuni, sio kwa kiti. Miaka miwili. Chai ya rangi. Toba mbele ya kanisa, nimepiga magoti. Na aliyekuwa amelala ndani ya ile gari ni shahidi.

"Nilimwita Mungu nikiwa nimelala?" nikamwuliza. "Kai wewe dada! Kwa nini hukusema?"

"Mwanzo sikujua. Niliamini nilichoona. Halafu nikaanza kukumbuka ile kelele." Alipiga paja lake lenye vyuma kwa kiganja, polepole, kama anayebembeleza mtoto. "Lakini huu mguu ulikuwa unataka mtu. Kila usiku uliniuliza, ni nani? Nikaupa wewe. Wewe ulikuwa karibu."

Hakulia. Sisi si watu wa kulia. Mimi ndiye niliyetamani kumpiga, na nilitamani kumbeba, yote kwa mikono ile ile, kwa hivyo nikaificha chini ya leso. Nikamwambia, "Jumapili utasimama useme."

"Nitasimama."

"Utasema aliyekuwa amelala ni nani."

"Nimesema nitasimama! Unataka niandike?" Akatafuta fimbo yake. "Iko wapi hiyo gari?"

"Nje ya lango. Si ulikataza?"

"Ingiza. Nataka kuona hizo taa."

Nikaingiza gari katika boma lake, kwa mara ya kwanza tangu ile siku. Akaja na fimbo, akaegemea dirisha mahali alipoegemea mzee wa Nyeri. Nikawasha swichi. Zikaja kusalimia, zote, na kagari ka nyoka katikati. Nikapiga injini.

"Imezima," dada akasema, na akashtuka, akanishika bega. "Hiyo ya kuteleza imezima!"

"Hapana. Sasa iko nzima."

Alilifikiria hilo. Halafu akasema mbona nisimzungushe kidogo, mpaka barabarani tu, arudi kumalizia maharagwe. Nikamfungulia mlango wa mbele. Alitazama kile kiti muda, akatikisa kichwa. Akafungua wa nyuma mwenyewe, akaingiza mguu mzuri, akauinua ule mwingine kwa mikono miwili akauweka ndani. Hakukaa nyuma ya kiti cha abiria. Alisogea katikati, fimbo magotini, mahali anapoweza kuona macho yangu kwenye kioo.

Nikamwacha aone. Tulitoka langoni hivyo, tukitazamana.